Waliosugua Barabara Siku ya Kiprugut

Tarehe 16 Oktoba 1964, katika uwanja wa taifa wa Tokyo, Wilson Kiprugut Chuma alimaliza fainali ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Mbele yake walikuwa wawili tu, Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Kenya ilikuwa na uhuru wa miezi kumi. Hiyo ndiyo medali yetu ya kwanza ya Olimpiki, na stori yake tunaijua, au angalau tunajua tunafaa kuijua.

Siku hiyohiyo, mjini humohumo, kuna watu wengine waliokuwa wakitoa jasho na hakuna aliyewapa medali. Walikuwa Ginza, mtaa wa maduka ya bei ghali. Walivaa makoti meupe kama ya maabara, barakoa usoni na vitambaa vyekundu kwenye mkono. Walichuchumaa barabarani wakisafisha. Na usidhani walikuwa wakifagia tu. Walikuwa wakisugua kwa brashi na matambara, jiwe baada ya jiwe, kwa makini kama mtu anayeosha vyombo vya mama mkwe. Kando yao kulikuwa na bango lililoandikwa kwa Kiingereza, likiamuru watu wawe safi.

Wapita njia waliwatazama, wakaendelea na safari. Polisi hawakumkamata mtu. Kwani kuna kosa gani? Serikali ya Tokyo ilikuwa imeshinda miezi ikiwahimiza wakazi wasafishe jiji kwa sababu wageni wanakuja. Ukiona watu wenye makoti meupe wakisugua barabara wiki ya Olimpiki, utasema hao ni watu wa serikali.

Hawakuwa watu wa serikali. Walikuwa wasanii, na tayari mmoja wao alikuwa anachunguzwa na polisi kwa sababu ya pesa.

Kikundi chenyewe kiliitwa Hi-Red Center. Kukiita kikundi ni kukipa heshima ambacho chenyewe hakikuitaka, maana hakikuwa na katiba, ofisi wala kadi za wanachama. Kilikuwa na watu watatu wa katikati na marafiki waliokuja na kuondoka. Jina lilitokana na majina ya hao watatu. Takamatsu Jiro: "taka" ni juu. Akasegawa Genpei: "aka" ni nyekundu. Nakanishi Natsuyuki: "naka" ni katikati. Chukua hizo silabi, zitafsiri kwa Kiingereza, unapata jina linalosikika kama la kampuni ya kuuza vifaa vya hospitali. Alama yao ilikuwa alama ya mshangao, basi. Walianza kutumia jina hilo Mei 1963, na tukio la kusugua barabara ndilo huhesabiwa kuwa la mwisho. Mwaka mmoja na nusu hivi. Hawakuwahi kutangaza kwamba wamevunja kikundi. Waliacha tu kufanya mambo pamoja.

Kwa nini basi mtu wa Nairobi, zaidi ya miaka sitini baadaye, awasome? Mimi nilianza kuwafuatilia kwa sababu ya ile tarehe na Kiprugut. Nikaendelea kwa sababu ya swali moja ambalo maisha yao yanaliuliza vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma: serikali huwa inakerwa na nini hasa unapoiiga?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1960 Japani iliwaka moto wa maandamano. Watu kwa mamia ya maelfu waliingia barabarani kupinga mkataba wa usalama na Marekani. Tarehe 15 Juni, mwanafunzi wa chuo kikuu, Kanba Michiko, alifariki katika makabiliano kwenye lango la bunge. Mkataba ukapita hata hivyo. Waziri mkuu akajiuzulu, akaja Ikeda Hayato na ahadi nyingine kabisa: pato la taifa litaongezeka mara mbili katika miaka kumi. Yaani, wacheni siasa, njooni tutafute pesa. Na kusema ukweli, pesa zilikuja. Barabara za juu zilijengwa, treni ya kasi kati ya Tokyo na Osaka ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Olimpiki. Mwenge uliwashwa na kijana aliyezaliwa mkoani Hiroshima siku ileile bomu lilipoangushwa, Agosti 6, 1945. Ujumbe ulieleweka: tumesafishika, tumepona, karibuni.

Vijana wa sanaa waliokuwa barabarani mwaka 1960 walifanya nini baada ya kushindwa? Kwa muda walikuwa na mahali pa kumwaga hasira. Gazeti la Yomiuri lilikuwa likidhamini maonyesho ya kila mwaka katika jumba la sanaa la jiji, huko Ueno. Hakukuwa na majaji. Ukiwa na kazi, unaileta, inawekwa. Kwa hiyo watu walileta kila kitu: takataka, vyuma, vyakula vilivyooza, vitu vyenye kelele. Mwishoni mwa mwaka 1962 jumba likachoka, likatoa sheria za kupiga marufuku vitu vya harufu mbaya, kelele kubwa na makali ya visu. Maonyesho ya 1963 yakawa ya mwisho.

Katika hayo ya mwisho, hawa watatu walileta kazi zao, kila mtu yake. Nakanishi alileta turubai zilizoumwa na vibanio vingi vya nguo, pegi zilezile unazoanikia. Takamatsu alileta kamba. Kamba tu. Lakini kamba hiyo haikuishia ndani ya jumba. Ilitoka nje, ikaelekea upande wa kituo cha treni cha Ueno, kama mtu aliyechoka na mkutano akaamua kwenda nyumbani. Akasegawa alileta mchoro mkubwa wa noti ya yen 1000, aliouchora kwa mkono, mstari kwa mstari, kana kwamba anachunguza adui kwa darubini.

Unaona mwelekeo? Kazi zilikuwa zinatafuta mlango wa kutokea. Nakanishi alikuwa ameshautafuta Oktoba 1962, alipopanda treni ya Yamanote, ile inayozunguka katikati ya Tokyo, akiwa amejipaka uso rangi nyeupe. Mkononi alikuwa na vitu vya umbo la yai vya plastiki ngumu inayoonyesha ndani, na humo ndani kulikuwa na takataka za maisha ya kila siku, kama nywele na vipande vya saa. Akavitundika kwenye vishikio vya abiria. Abiria walifanya kile ambacho abiria wa Tokyo, na wa matatu zetu, hufanya mtu wa ajabu akipanda: walijifanya hawaoni.

Januari 1964 walikodi chumba katika Hoteli ya Imperial, hoteli ya fahari aliyoichora Frank Lloyd Wright, wakaalika wageni. Waalikwa waliambiwa waje wamevaa rasmi. Walipofika walipimwa: urefu, uzito, hata ukubwa wa mwili kwa kuwaingiza kwenye beseni la kuogea lenye maji. Wakapigwa picha kutoka mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Sababu waliyopewa ni kwamba wanatengenezewa handaki la kujikinga na bomu la nyuklia, handaki la saizi ya mtu mmoja. Yoko Ono alikuwa miongoni mwa wageni, na Nam June Paik pia. Hebu fikiria handaki la saizi ya mwili wako mwenyewe. Hilo kwa Kiswahili lina jina, tunaliita jeneza.

Katika matukio haya yote hawapigi kelele na hawabebi mabango ya kupinga. Wanavaa vizuri, wanajaza fomu, wanapima na kusugua. Wanatii. Wanatii kupita kiasi, mpaka ule utii wenyewe unaanza kuonekana kama kitu cha ajabu. Pale Ginza hawakusema Olimpiki ni mbaya. Waliambiwa safisha, wakasafisha, mpaka ukabaki kujiuliza: mbona tunasafisha? Tunamsafishia nani? Na baada ya mgeni kuondoka?

Kwa hilo, hakuna aliyewagusa. Kwa lile la pesa, stori ni nyingine.

Mwanzoni mwa 1963 Akasegawa alikuwa na maonyesho yake katika galari moja ya Shinjuku. Badala ya kadi ya mwaliko ya kawaida, alienda kwa wachapishaji, akachapisha noti ya yen 1000: upande mmoja tu, rangi moja tu, na upande wa pili ukawa na habari za maonyesho. Akazituma kwa posta katika zile bahasha rasmi za kutumia pesa taslimu. Baadaye alichapisha nyingine, akafungia vitu vya kawaida, kama zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya pesa.

Hakuna mtu aliyezipeleka dukani. Hakuna ambaye angeweza. Ukigeuza noti unakuta ukuta mweupe au tarehe ya maonyesho. Hata muuza mboga mwenye haraka jioni angekurudishia.

Tatizo ni kwamba miaka hiyo Japani ilikuwa na shida halisi ya noti feki. Kuna mtu, au watu, waliokuwa wakitoa noti bandia za yen 1000 zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Polisi waliipa kesi jina la Chi-37 na hawakuwahi kumpata mhusika. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Novemba 1963 benki kuu ilitoa noti mpya ya yen 1000, yenye sura nyingine. Kwa hiyo polisi walikuwa na aibu na hasira. Wakati wakichunguza kitabu cha kikundi kingine cha vijana kwa tuhuma za uchafu wa maadili, wakakuta humo noti ya Akasegawa. Januari 1964, mwezi uleule wa hoteli, wapelelezi wakabisha hodi kwake. Gazeti kubwa likaandika habari kwa namna iliyomweka karibu na Chi-37.

Akasegawa alijitetea kwa hoja ambayo naipenda sana. Alisema noti yake si feki, ni modeli. Noti feki inataka kutumika. Inajificha kati ya noti halali na kuomba usiitazame sana. Modeli ni kinyume chake. Ndege ya modeli haitaki kubeba abiria. Ipo ili uitazame, na ukiitazama ndipo unaanza kuiona vizuri ndege yenyewe.

Na hapo ndipo shida ilipo. Ukiitazama sana noti halali, unaona nini? Karatasi. Karatasi iliyochapishwa, kama ya Akasegawa, ila hii tumekubaliana wote kuiamini. Mimi niliacha chuo katika mwaka wa pili, na tangu siku hiyo kila fomu ninayojaza ina kisanduku kinachouliza karatasi yangu ya mwisho ni ipi. Niliyoyasoma hayakuondoka kichwani. Ninaandika, nalipwa, wakati mwingine nalipwa vizuri. Lakini kile kisanduku hakiulizi hayo. Kinauliza nani amekugongea muhuri. Akasegawa mwenyewe aliacha chuo cha sanaa cha Musashino kabla ya kumaliza, na sidhani ni bahati tu kwamba ndiye, kati ya wote watatu, aliyekwenda kuchokonoa karatasi. Wenzake wawili walikuwa na digrii kutoka chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo.

Novemba 1965 alishtakiwa rasmi, pamoja na wachapishaji wawili. Mashtaka hayakuwa ya kughushi pesa. Yalikuwa chini ya sheria ya mwaka 1895 iliyokataza kutengeneza kitu chochote kinachoweza kuchanganywa na pesa. Soma tena: si kutapeli, ni kufanana.

Kesi ilianza Agosti 1966 katika mahakama ya wilaya ya Tokyo, na hapo mambo yakageuka kichekesho kizito. Ili kuepuka hatia, utetezi ulihitaji kuonyesha kwamba noti ile ni sanaa. Lakini hawa ni watu waliotumia miaka kadhaa kukataa kusema wanachofanya ni sanaa! Nguvu ya lile jambo la Ginza ilikuwa kwamba hakuna aliyejua ni nini. Ungeweka kibao kusema "hii ni sanaa", watu wangepumua, wangepiga picha, na biashara ingeendelea. Sasa, mbele ya hakimu, kibao hichohicho ndicho pekee kingeweza kuwaokoa.

Basi wakakileta. Wahakiki wakubwa, akina Takiguchi Shuzo na Nakahara Yusuke, walisimama upande wa utetezi kueleza sanaa ya kisasa. Kazi zenyewe zikaletwa mahakamani kama vielelezo: pegi za Nakanishi, kamba ya Takamatsu, vitu vilivyofungwa kwa noti. Chumba cha mahakama kikawa galari. Maonyesho yaliyofukuzwa Ueno kwa sababu ya harufu na visu sasa yalikuwa yanatazamwa kwa umakini na watu waliolipwa na serikali kuyatazama. Sijui galari gani imewahi kupata watazamaji makini hivyo.

Juni 1967 hukumu ikatoka: ana hatia. Kifungo cha miezi mitatu cha kazi ngumu, kilichoahirishwa kwa mwaka mmoja, yaani asingeingia jela kama angetulia. Akakata rufaa, akashindwa. Mahakama ya juu ikafunga faili mwaka 1970. Kuwa sanaa hakukumsaidia. Kwa macho ya sheria, uhuru wa msanii unaishia pale imani ya umma kwa noti inapoanza kutikisika.

Sasa weka hayo mambo mawili sako kwa bako. Mwaka 1964 watu walivaa kama maafisa, wakachukua barabara ya umma bila kumuuliza mtu, wakatoa amri kwa bango, na serikali ikawapita kama vile ni watu wake. Mtu mwingine alichapisha karatasi isiyoweza kununua hata sanduku la kiberiti, na serikali ikamfuata kwa zaidi ya miaka sita. Nikitafuta tofauti, naipata hapa. Kule Ginza waliiga kazi ya serikali, na kazi haina wivu. Mwenye jiji hachukii ukimsaidia kusugua. Lakini noti si kazi, ni neno la serikali. Ni ahadi. Ukiiga ahadi ya mtu, hata kwa upande mmoja na rangi moja, unawakumbusha watu kwamba ni ahadi tu.

Akasegawa alilielewa hilo mapema. Mwaka uleule wa hukumu, 1967, alitoa noti nyingine: noti ya yen sifuri. Ilikuwa na sura zote za noti, na juu yake kulikuwa na maneno yanayosema hiki ni kitu halisi. Aliibadilisha kwa yen 300 halali. Wazo lake lilikuwa kwamba watu wakileta pesa za kweli na kuchukua sifuri, polepole pesa za kweli zitaisha mikononi mwa watu. Zamu hii sheria haikuwa na pa kushika. Utaichanganya vipi na noti halali, wakati hakuna noti halali ya sifuri?

Maisha yake yaliendelea vizuri, kwa wale mnaopenda kujua. Mwaka 1981 alipata Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi Japani, kwa jina lingine la uandishi. Alifariki tarehe 26 Oktoba 2014, siku mbili kabla ya maonyesho makubwa ya kazi zake kufunguliwa huko Chiba. Takamatsu alikuwa ametangulia mwaka 1998, na Nakanishi akafuata 2016. Noti zilizokuwa kielelezo cha kosa sasa zinatunzwa na majumba ya sanaa kwa glavu. Tukio la Ginza limebaki katika picha za Hirata Minoru, mpiga picha aliyekuwepo siku hiyo.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Wale wachapishaji wawili. Hawakuwa wasanii. Mteja alikuja na oda, wakachapisha kama walivyochapisha oda nyingine, na wakajikuta kizimbani pamoja naye. Hakuna mhakiki ambaye angeweza kusema kwamba wao walikuwa wakifanya modeli, au wakihoji maana ya pesa. Walikuwa wakitafuta pesa. Katika maelezo mengi niliyosoma wanatajwa kwa maneno mawili tu, wachapishaji wawili, halafu stori inarudi kwa Akasegawa. Ukitazama picha za Ginza, utaona makoti meupe na wasanii wanaoigiza usafi. Ila Tokyo ya Oktoba 1964 haikusafishwa na hao. Kabla yao, na kesho yake asubuhi, kulikuwa na watu wengine wenye mafagio, ambao hakuna aliyewapiga picha.